Naombeni ushauri: mara ya kwanza kuwapeleka watoto Legoland Dubai, mmoja ana miaka 6 mwingine 3 na nusu

mama_wawili (Dar)

Habari za leo wakuu, poleni na majukumu. Mimi na baba watoto tumejibana karibu mwaka na nusu, mchezo wa ofisini nimeupokea mwezi wa nane nikauweka wote bila kugusa hata senti, na nia yetu ni Desemba hii shule zikifungwa tuwapeleke watoto Dubai. Hatujawahi kusafiri nao nje ya nchi, mbali zaidi ni Tanga kwa bibi yao.

Kwa nini Legoland na sio sehemu nyingine. Mkubwa wangu mjomba wake alimletea boksi la Lego akiwa na miaka 4, tangu siku hiyo sebuleni kwangu hapapitiki. Kajenga kituo cha mwendokasi, kajenga daraja la Tanzanite, juzi kajenga pantoni inabeba magari na abiria wanashuka kabisa. Alivyosikia kuna sehemu nzima imetengenezwa kwa vile vitofali anauliza kila jioni kabla ya kulala. Mdogo ni wa kike, anafuata chochote kaka yake anachofanya, ila akichoka ni kilio mpaka apate usingizi.

Mpango aliouandika baba yao ni siku 5: ya kwanza Legoland, ya pili ile Legoland ya maji, ya tatu kiwanja cha michezo cha Motiongate, ya nne kiwanja kingine cha Ferrari World kule Abu Dhabi, ya tano maduka halafu usiku eapoti. Wakala mmoja wa safari katupa bei ya jumla ila kila nikimuuliza ndani ya hiyo bei kuna nini na nini anazunguka tu, hivyo nimeona nije kwanza kwenu mliowahi kwenda. Huu mpango unatekelezeka na watoto wa umri huu? Nini nibebe, nini nisibebe? Na tarehe zipi nzuri?

kijana_wa_ubungo

Nafuatilia uzi kwa karibu, na mie wangu ana miaka 5.

baba_mapacha (Nairobi)

Mama wawili hongera sana kwa kuweka pesa, hiyo peke yake si kazi ndogo. Nitakuambia ukweli vile nilivyoishi. Niliwapeleka mapacha wangu wakiwa na miaka 4, na mpango wangu ulikuwa kama huo wa mzee wako, kila siku mahali papya, nilitaka kila shilingi ionekane. Siku ya kwanza ilienda poa. Siku ya pili saa saba mchana mmoja alilala chini kwenye lami akakataa kusimama, mwingine akaanza kutapika kwa sababu ya jua na juisi, na mama yao alikuwa amebeba mabegi matatu. Tulirudi hotelini tukiwa hatusemezani. Siku ya tatu tiketi zilikuwa zimeshalipiwa na hakuna aliyeenda, pesa ikapotea hivyo tu.

Kwa hivyo ushauri wangu ni mmoja, usipange safari kwa huyo wa miaka 6. Panga kwa huyo wa miaka 3 na nusu. Yeye ndiye saa yenu. Akilala vizuri na akila kwa wakati nyote mtafurahi, akichoka yeye safari ya siku hiyo imeisha hata kama mko mlangoni mwa mchezo mliotoka nao nyumbani.

Sasa angalia mpango wako kwa jicho hilo. Ferrari World ni nzuri sana lakini jina lake limejengwa na Formula Rossa, rola kosta inayokimbia kilomita 240 kwa saa, hiyo ni ya watu wazima. Vya watoto wadogo vipo lakini si vingi kwa gharama ya kwenda hadi Abu Dhabi na kurudi. Ondoa. Motiongate nayo ni ya sinema, watoto wakubwa kidogo ndio wanafaidi zaidi. Ondoa au acha kama akiba. Legoland imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, hapo ndipo penu. Mpatie siku mbili, siyo moja, na katikati weka siku ya kupumzika.

Kitu kingine, pima watoto urefu kabla ya kwenda, wakiwa na viatu. Michezo mingi ina kipimo, kuna ya sentimita 90, kuna ya mita moja, kuna ya mita 1.2, na kwenye tovuti yao kila mchezo umeandikwa kipimo chake. Mwambie mtoto mapema hiki utaingia na hiki bado. Mtoto akiambiwa nyumbani anakubali, akiambiwa mbele ya geti baada ya foleni ya nusu saa hapo utaona machozi ambayo hujawahi kuona.

shangazi_muscat

Mwanangu mama wawili, sikiliza la huyo baba mapacha, kakwambia kweli tupu. Mie niko Muscat miaka mingi, asili yangu Unguja, na wajukuu nshawapeleka Legoland mara tatu kwa gari, tunapita Sohar tunavukia mpaka wa Hatta.

Tarehe. Emirati wana sikukuu yao ya taifa tarehe 2 na 3 Disemba, siku hizo usisogee, watu kote kule wametoka na watoto na sie wa Oman pia tunavuka. Halafu kuanzia katikati ya Disemba skuli za huko nazo zinafunga, hapo mpaka mwaka mpya hapakanyagiki na hoteli zinapanda. Wewe kama skuli za kwenu zinafunga mwanzo wa mwezi, basi ingia baada ya sikukuu na utoke kabla ya tarehe 13 hivi. Kiwanja cha Legoland nenda Jumanne au Jumatano. Siku hizi mapumziko ya wiki kule ni Jumamosi na Jumapili, walibadilisha tangu 2022, na Ijumaa mchana watu washatoka kazini. Na mshukuru Mungu kwamba likizo yenu kubwa ni Disemba, maana anayekwenda mwezi wa saba na watoto wadogo nje kuna joto la digrii 40 na kupanda, mtoto hatembei.

La pili dawa, na hili ulishike kweli. Dawa unazozipata dukani huko nyumbani kule nyengine ni hatia. Dawa yoyote yenye codeine, na zipo za kikohozi zenye hiyo kitu, usiibebe kabisa, na tramadol ya maumivu pia. Soma maandishi ya kila chupa. Kama mtoto ana dawa yake ya kila siku chukua cheti cha daktari na uangalie sheria zao kabla hujapanda ndege. Panadol ya watoto, chumvichumvi ya kuharisha, kipimajoto, hivyo vyatosha. Maduka ya dawa kule yamejaa kila kona.

La tatu jioni baridi inaingia Disemba, kwa watoto wa Dar watatetemeka. Sweta jepesi kila mmoja.

mama_wawili (Dar)

Shangazi shikamoo na ahsante sana, hilo la dawa lingeniponza maana nina chupa ya kikohozi nilishaiweka kwenye begi. Nimeitoa sasa hivi.

Baba mapacha nimemsomea mume wangu ulichoandika. Amenyamaza, halafu akasema sawa, lakini tukifika mpaka huko tusione Ferrari? Hatujui lini tutarudi tena. Namuelewa kwa kweli, yeye ndo alikuwa anafanya kazi mpaka usiku kwa ajili ya hii safari.

abeidi_sharjah

Dada mwambie shem aende peke yake hiyo siku ya kupumzika. Wewe baki na watoto hotelini wachezee bwawa, yeye apande basi la Abu Dhabi asubuhi arudi usiku, kila mtu anapata chake.

Mimi nafanya kazi huku Sharjah, watu wa nyumbani wakija mimi ndo mwenyeji wao, ngoja niweke mambo ya huku mtaani.

Hela. Dirham imefungwa kwenye dola, dola moja ni dirham 3.67 na haichezi, kwa hiyo presha yenu iwe shilingi na dola tu, mkishabadili mmejua mlichonacho. Kwenye hoteli kuna tozo ya utalii kwa kila chumba kwa kila usiku, dirham 7 mpaka 20 kulingana na nyota, mara nyingi haipo kwenye bei uliyolipa onlaini, unaambiwa kaunta. Tiketi za Legoland nunua mapema kwenye tovuti yao wenyewe, bei ya getini ni kubwa zaidi. Aliye chini ya miaka 3 anaingia bure lakini wa kwako ameshapita.

Usafiri. Legoland haiko mjini, iko mbali barabara ya kwenda Abu Dhabi baada ya Jebel Ali. Ukilala Deira kwa ajili ya bei nafuu ujue ni safari ndefu asubuhi na jioni. Metro mpaka Ibn Battuta halafu kuna basi linaenda mpaka kwenye viwanja, au taksi kutokea pale, inapunguza sana kuliko taksi kutoka Deira. Kwenye metro kuna behewa la wanawake na watoto, dada ingia hilo na kigari cha mtoto. Mkikodi gari, sheria ya huku tangu 2017 mtoto mpaka miaka 4 lazima akae kwenye kiti chake cha watoto, na chini ya miaka 10 hakai mbele, kwa hiyo ombeni hicho kiti kabisa mnapokodi.

Simu. WhatsApp ya huku meseji zinaenda, picha zinaenda, ila kupiga sauti na video hakuna, imefungwa. Waambieni bibi na babu mapema wasije wakakaa na wasiwasi.

Na usiku mmoja nendeni Creek, ule mkono wa bahari unaopita mjini, mpande abra, mashua ya kuvukia, ni dirham moja tu kwa mtu kuvuka. Watoto wa nyumbani wanaipenda sana ile.

mzee_wa_hoja

Samahani niwe tofauti. Kwa hela hiyo mngezunguka Mikumi, Ngorongoro na Serengeti familia nzima na chenji ikabaki. Wazungu wanatoka huko wanakuja kuona tembo wetu, sisi tunakwenda kuona tembo wa plastiki?

mama_wawili (Dar)

Mzee wangu nakuheshimu na hoja yako naielewa. Mikumi tumeenda mwaka juzi, mwanangu alimuona twiga mpaka leo anamchora, na Ngorongoro Mungu akijalia tutaenda. Hii ni ya kwake kwa sababu ya kile anachopenda. Mtoto anakaa masaa matatu anajenga, anabomoa, anaanza upya, bila kuitwa. Nikiona kitu kinamkalisha mtoto namna hiyo nataka akione kinaweza kufika wapi. Baba yangu aliwahi kunipeleka Sabasaba nikiwa na miaka 7 kuona mashine za kiwanda cha nguo kwa sababu nilikuwa nakata vitambaa vya mama, mpaka leo naikumbuka siku hiyo kuliko zawadi zote nilizowahi kupewa.

mzee_wa_hoja

Umenijibu vizuri binti yangu. Safari njema.

baba_mapacha (Nairobi)

Mama wawili kabla ya Dubai fanya mazoezi hapo nyumbani. Sehemu yoyote yenye michezo, siku nzima, kama ndiyo siku yenyewe. Utajua mdogo anaogopa nini, anachoka saa ngapi, na begi lako lina uzito gani.

mama_wawili (Dar)

Nimefanya! Jumamosi tulivuka na pantoni tukaenda Kigamboni pale Fun City, tukatoka nyumbani saa moja asubuhi kama vile ndo tunaenda. Nimejifunza kuliko nilivyodhani. Mdogo haogopi kuzungushwa wala urefu, anaogopa giza na kelele za ghafla. Saa sita na nusu anataka chakula, saa nane kamili kichwa kinaanguka. Viatu vipya nilivyomnunulia vimemchubua, hivyo ataenda na vya zamani. Na begi nililobeba nimelipunguza nusu, nimebakiza nguo moja moja ya kubadilisha, waipsi, maji, kofia, biskuti na dawa ya mafuta ya jua.

Mpango mpya: siku 6. Tunafika usiku. Siku ya kwanza bwawa la hoteli na abra jioni. Ya pili Legoland. Ya tatu baba anaenda Ferrari, sisi tunalala. Ya nne Legoland ya maji asubuhi tu. Ya tano Dubai Mall kuona chemchemi na samaki. Ya sita tunarudi. Hoteli tumechukua karibu na metro upande wa Jebel Ali, ni ghali kidogo kuliko Deira ila nimepiga hesabu ya taksi nikaona ni mule mule. Wakala nimemwambia ahsante, viza na tiketi za ndege tumefanya kwa mtu mwingine aliyetuandikia kila kitu kwenye karatasi.

shangazi_muscat

Hapo sawa mwanangu. Huyo mdogo mchukulie kigari cha kusukuma hata kama nyumbani hakai, atalalia humo. Na watoto wapige picha asubuhi hiyo na nguo walizovaa, uandike namba ya simu yako ya huko kwenye mkono wa kila mmoja kwa kalamu isiyofutika. Mie mjukuu wangu alinipotea dakika kumi, niliulizwa kavaa rangi gani nikashindwa kujibu.

abeidi_sharjah

Na mkubwa akiwa na kale kasanamu kadogo ka Lego ka nyumbani aende nako. Kwenye Legoland wafanyakazi wengi wanabandika kao kifuani, mtoto akiomba wanabadilishana. Ni bure na watoto wanakumbuka hiyo kuliko mashine.

mama_wawili (Dar): MREJESHO

Wakuu tumerudi salama juzi, nguo bado ziko kwenye mabegi ila nimeona nisilale na deni la mrejesho.

Ndege ni kama masaa matano na nusu moja kwa moja, usiku, mdogo alilala tangu kuruka. Saa ya Dubai iko mbele kwa saa moja tu kwa hiyo usingizi wao haukuvurugika.

Legoland tulienda Jumanne, tukafika kabla hawajafungua. Nilikuwa nimepanga tuanzie kwenye michezo ya nje kabla jua halijawa kali, lakini mkubwa aliona lile jengo la Miniland akagoma kupita. Ni ukumbi wa ndani una kiyoyozi, miji mizima imejengwa kwa Lego, magari yanatembea, na katikati kuna Burj Khalifa ya Lego inapanda juu mpaka unainua shingo. Alikaa pale bila kusema neno. Halafu akaanza kuuliza, wameshikiza na gundi? Wamejenga wangapi? Chini kuna chuma? Mfanyakazi mmoja mdada alichuchumaa akamjibu kila swali taratibu. Saa nzima iliishia humo na sikumsukuma, nilikumbuka kwamba humo ndimo tulimoendea.

Baada ya hapo shule ya udereva. Ziko mbili, ya wadogo miaka 3 mpaka 5 na ya wakubwa kuanzia 6, kila mmoja akaingia ya kwake, na sijui niwaelezeje uso wa yule mdogo alivyoona na yeye ana gari lake peke yake. Hapo ndo niliona umri wao ulikuwa sahihi kabisa. Ile mizunguko ya gizani tuliiacha kwa ajili yake, mkubwa akaenda na baba, mimi na yeye tukaenda kwenye treni ndogo ya Duplo, zile Lego kubwa za watoto wadogo, mara nne mfululizo. Foleni hazikuwepo za kutisha, ndefu kuliko zote tulisimama kama dakika 20.

Saa nane akalala kwenye kigari kama Kigamboni ilivyotabiri. Baba akaendelea na mkubwa, mimi nikakaa kivulini masaa karibu mawili na kahawa yangu. Alipoamka alikuwa mpya, tukaenda mpaka jioni.

Kasanamu mkubwa alikabadilisha. Alikuwa na askari, akapata mpishi. Amelala nako.

Ya maji ilikuwa fupi, upepo wa asubuhi ulikuwa na baridi, midomo ya mdogo ikaanza kubadilika rangi tukatoka saa tano. Aliyepanga Disemba aende saa sita hivi jua likiwa limepanda. Shangazi sweta zako tumezivaa kila jioni.

Shem wenu Ferrari alienda, karudi saa tatu usiku amechoka na anacheka peke yake. Na mama yangu nilimwambia mapema kuhusu WhatsApp, tukawa tunamrekodia video kila usiku kabla ya kulala, zimebaki kwenye simu yake anawaonyesha majirani wote.

Bajeti ya ndani tulitenga dirham 300 kwa siku kwa chakula na usafiri, siku ya Legoland tulizidisha kwa sababu chakula cha humo ndani ni ghali na kuna duka la Lego kabla ya kutoka. Mwambieni mtoto kiasi chake kabla ya kuingia. Wangu nilimpa dirham 80, akasimama humo dukani nusu saa anapiga hesabu, akachagua boksi la tofali za kawaida zisizo na picha ya kitu, akasema hizi naweza kujengea chochote.

kijana_wa_ubungo

Hongera sana dada. Swali, kwenye maji hao wadogo wanaruhusiwa na pampas za kawaida? Wangu bado usiku namvalisha.

mama_wawili (Dar)

Hapana, wanataka zile maalum za kuogelea. Nunua kabla, kwenye supamaketi kubwa za hapa Dar zipo, beba tatu tu zinatosha. Na tarehe zako ukizipata ziweke hapa shangazi azikague.